Kadi Iliyotangulia Posa

Saa tatu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, duka la Maxime pale Mutanga Sud lilikuwa na watu ishirini na wawili na mashine mbili za fotokopi, moja mbovu. Wote walitaka nakala za diploma, nakala za kitambulisho na picha nne ndogo, kwa kuwa chuo kilichokuwa mwishoni mwa barabara kingefunga uandikishaji saa sita. Maxime alikata picha kwa mkasi, akazitia katika bahasha na kuita majina bila kuinua macho. Aliyenyoosha mkono kwanza alipewa.

Ndiyo maana Sleiman, kijana wa Buyenzi wa miaka ishirini na sita, alipofika mbele ya meza ya Madame Adélaïde, mwalimu aliyeandikisha chuoni, alitoa bahasha yenye picha nne za msichana aliyevaa mtandio wa kahawia.

Madame Adélaïde alizitazama, kisha akamtazama yeye. "We ni huyu?"

"Apana, Madame."

"Basi ni nani?"

"Sijue. Lakini anapendeza kuliko mi."

Foleni ilicheka. Sauti ya kike ikasema kutoka nyuma: "Na mi niko na zako, kaka. Katika zote nne umefunga macho."

Sleiman aligeuka. Mtandio ulikuwa ule ule, umebanwa kwa pini moja. Gauni lilikuwa refu, la kijani, na viatu vilikuwa vyeupe kana kwamba vumbi la Oktoba halikumhusu. Sleiman mwenyewe alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, ila kucha zake zilikuwa na mstari mweusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Jicho moja liko wazi," alisema, akipokea bahasha yake. "Angalia vizuri."

"Nimeangalia," msichana akasema. "Ni kope."

Aliitwa Raihana. Baba yake, Talal, aliuza vitambaa katika duka lililokuwa la babu yake, wa ukoo wa Kiomani. Alimruhusu binti yake kusoma kwa sharti moja: jina la nyumba yao lisizungumzwe mitaani. Raihana alikuwa na sababu ya kulishika sharti hilo. Kampuni ndogo ya vitabu vya shule huko Gihosha ilikuwa imemwahidi kazi ya kupanga kurasa, mradi awe na cheti ifikapo Julai. Baada ya hapo nafasi ingepewa mwingine.

Sleiman alikuwa mwana wa Massoudi, fundi wa malori. Tangu utotoni alichora majina ya wenye malori juu ya milango kwa brashi, na mkono wake ulijulikana hadi Kamenge. Lakini wateja walikuwa wameanza kumwambia, "Nitumie faili," naye hakuwa na faili ya kutuma.

Masomo ya infographie, yaani kusanifu picha na maandishi kwa kompyuta, yalichukua miezi tisa. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, kompyuta kumi. Madame Adélaïde aliwapanga wawili wawili kwa orodha ya alfabeti, na kati ya Raihana na Sleiman hapakuwa na jina lingine.

"Sogeza hiyo herufi," Sleiman angesema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo si kipimo. Sema nusu milimita."

"Nusu milimita, roho yangu."

"Toa roho, baki na namba."

Kufikia Januari Raihana hakumwambia tena atoe roho. Sleiman alimfundisha jinsi herufi inavyopumua mkono unapoichora. Naye Raihana alimfundisha kwamba rangi inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia ikifika kwenye karatasi, na kwamba aliyekasirika kwa sababu hiyo hakusikiliza darasani. Kila siku baada ya alasiri Sleiman alimpigia simu, naye yuko dukani anakunja vitambaa.

"Umekula?"

"Nimekula. We?"

"Samaki, mukeke. Mikono bado inanuka."

"Basi weka simu mbali, harufu inafika huku."

"Unanipenda, chérie?"

"Niko na wateja."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu la mutu mwenye wateja."

Walijua wanapendana. Neno la ndoa halikuwahi kutamkwa kati yao. Kila mmoja aliliona liko, kama samani katika chumba ambacho hawajaingia.

Mwezi Juni ulikuja mtihani. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kazi moja ya kuchapwa, kuanzia mchoro hadi karatasi, na kuitetea mbele ya majaji. Madame Adélaïde alikuwa na sheria aliyoirudia tangu wiki ya kwanza: hakuna maandishi ya uongo. "Ukijaza nafasi kwa maneno yasiyo na maana," alisema, "hutajua mstari wa kweli utavunjika wapi. Leteni majina ya kweli, anuani za kweli."

Raihana alichagua kitabu cha hesabu cha watoto. Sleiman alichagua kadi ya mwaliko wa harusi. Alitafuta majina ya kweli, na aliyoyajua kuliko yote yalikuwa mawili. Akaandika kwa herufi za mkono wake: Sleiman wa Massoudi na Raihana wa Talal, Jumamosi ya pili ya Septemba, baada ya adhuhuri. Akapeleka faili kwa Maxime achapiwe épreuve, karatasi moja ya kujaribia. Hakumwonyesha Raihana. Alitaka aione kwa mara ya kwanza siku ya majaji, na alidhani hiyo ni zawadi.

Maxime alichapa kwa wino wa dhahabu. Ilitoka vizuri mno, na kila kazi iliyotoka vizuri Maxime aliipiga picha na kuiweka kwenye statut yake ya WhatsApp. Miongoni mwa waliotazama statut za Maxime walikuwamo wanawake wote wa kamati za harusi za Buyenzi, na Shangazi Kaltum, dada yake Talal.

Ilikuwa Ijumaa. Kufikia saa nane mchana Talal alikuwa amepongezwa mara tisa, na mara mbili alikuwa amelaumiwa kwa kutomwalika mtu. Hakupiga kelele. Alimwita Raihana kwenye chumba cha nyuma cha duka, akamwonyesha simu.

"Nimesoma jina langu kwenye kadi nisiyoiandika," alisema. "Hakuna mtu aliyekuja kwangu. Si mzee, si mshenga. Wewe ulijua?"

"Sikujua, Baba."

"Watu hawataamini hivyo. Chuoni hutarudi."

Majaji wangekaa baada ya siku kumi. Asiyehudhuria wiki ya mwisho hakupokelewa mbele yao.

Raihana alimpigia Sleiman mara kumi na moja. Buyenzi haikuwa na umeme tangu Alhamisi, na simu ya Sleiman ilikuwa imezimika mfukoni mwake, naye yuko chini ya lori. Raihana hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba katika mji huu wako vijana wanaotangaza kwanza ndipo wakaposa, ili baba aone aibu kukataa. Kimya cha Sleiman kilifanana na cha mtu anayesubiri mpango uive.

Alasiri Sleiman alichaji simu kwenye betri ya lori. Ilipowaka, ujumbe ulikuwa mmoja: "Umenitangaza ili baba asipate njia. Umenitoa chuoni. Sijui ulitaka nini kingine."

Alifungua statut ya Maxime, akaiona kadi, akakimbia kwake iondolewe, ndipo akapiga. Alipokelewa.

"Raihana, ile ni épreuve ya mtihani."

"Najua. Baada ya kukuandikia nimeona alama za kukatia karatasi kwenye pembe. Shangazi Kaltum hajui alama za kukatia."

"Nimetoka kwa Maxime sasa hivi, ameitoa. Ni yeye aliweka..."

"Maxime hakuandika jina langu."

Sleiman alisogea mbali na mlango wa Maxime.

"Mutu akitaka kadi za duka," Raihana aliendelea, kwa sauti ya chini, "unamupelekea karatasi, anasoma, anaweka saini ya kukubali, bon à tirer. Ndiyo unachapa. Tulifundishwa wiki ya kwanza. Mi uliniomba saini lini?"

"Nilifikiri unajua."

"Nilijua. Kuulizwa ni kitu kingine."

Akakata.

Nyumbani, Waridi, mama yake Sleiman, alikuwa na dawa tayari. "Kesho tumutume mjomba wako akapose. Maneno yataisha yenyewe. Kijana muzuri, binti muzuri, kadi iko tayari!"

Sleiman alilifikiria hilo, akaona kasoro ya mpango huo. Mshenga akifika kesho, kadi itakuwa kweli, na Talal atakuwa amelazimishwa kama Raihana alivyodhani. "Apana, Mama," alisema. "Nitaenda peke yangu, na sitaposa."

Jumamosi saa nne alisimama mbele ya kaunta ya vitambaa. Alitoa salamu, akaitikiwa.

"Umekuja bila wazee," Talal alisema.

"Ndiyo, Mzee. Sikuja kuposa."

Talal aliweka mkasi chini. "Sema basi."

"Kadi ni kazi yangu ya mtihani. Jina lako ni la kweli, tarehe nimeibuni. Binti yako hakuiona kabla yako. Sikumuuliza yeye, sikukuuliza wewe. Kama kuna mtu anayestahili kukosa majaji, ni mimi. Asubuhi hii nimemwomba Madame Adélaïde aondoe jina langu kwenye orodha. Nitangoja kikao cha Desemba. Raihana akikosa Julai, Gihosha hawatamngoja."

"Na watu?"

"Maxime ameandika kwenye statut yake kwamba ilikuwa jaribio la shule, na kosa ni langu. Jina langu liko pale. Lako halipo."

Talal hakuwa mtu wa kuamini kwa kusikia. Alichukua simu, akampigia Madame Adélaïde, akauliza swali moja, akashukuru.

Pazia la chumba cha nyuma lilisogea. Raihana alitoka, majora mawili ya kitambaa mikononi, akayaweka juu ya kaunta bila kumtazama Sleiman.

"Baba, kitabu changu cha hesabu umekiona mezani kila siku tangu Mei. Kadi hukuiona, na mi sikuiona. Unanifungia kwa kazi ambayo sikuifanya."

Mteja mmoja aliingia, akahisi hali ya hewa, akatoka.

"Jumatatu utakwenda," Talal alisema mwishoni. Kisha kwa Sleiman: "Wewe usionekane huko."

"Sitaonekana, Mzee."

Hakuonekana, na kwa siku tisa hakupiga simu. Raihana aliketi peke yake mbele ya kompyuta na kugundua kwamba kurasa zilikwenda haraka zaidi, na kwamba haraka hiyo haikumfurahisha. Majaji walimuuliza kwa nini ameacha nafasi tupu nyingi kati ya hesabu na hesabu. Akajibu kwamba mtoto anayekosea anahitaji mahali pa kufuta. Wakampa alama ya pili ya darasa.

Alipotoka na cheti alimwita Sleiman langoni. Ilikuwa adhuhuri, barabara imejaa wanafunzi. Alivaa nguo nyeusi yenye mshono wa fedha kwenye mikono. Sleiman alikuja na ovaroli ya kazi, kwa kuwa alikimbia.

"Hongera."

"Asante. Ulinikosea."

"Nilikukosea. Nisamehe."

"Na uliniacha siku tisa bila simu."

"Ulisema hujui nilitaka nini. Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Umeipata?"

"Nimepata swali." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Mzee Talal kando, Shangazi Kaltum kando. We, Raihana, unataka kuolewa na mi?"

Raihana alikitia cheti katika bahasha. "Nipe mpaka Ijumaa."

"Unataka kufikiri?"

"Nataka siku nne za kuwa mutu aliyeulizwa."

Ijumaa, baada ya swala, simu ya Sleiman ililia gereji.

"Ndiyo," Raihana alisema. "Lakini baada ya cheti chako. Na baba nimemwambia mi mwenyewe."

"Amesema nini?"

"Amesema mjomba wako aje na mutu mumoja tu, na wasichelewe."

Sleiman aliketi juu ya tairi. Upande wa pili alisikia kelele za Gihosha, ambako Raihana alikuwa ameanza kazi: kengele ya shule, watoto wakitoka.

"Harusi iwe siku gani?" Raihana aliuliza.

Kwa mazoea alifungua mdomo ataje tarehe. Akaufunga. "Siku gani unataka we?"

Raihana alifikiri, akahesabu miezi kwa sauti, akaitaja.