Tatuu Kwenye Shavu la Yesu

Kila Ijumaa Kuu asubuhi, Delfina alifuatana na mama yake kwenye kikanisa cha chuo kikuu. Mama alipanga maua altareni. Kazi ya Delfina ilikuwa maji. Wanafunzi walitandika mlangoni zulia la unga wa mbao wenye rangi, naye alilinyunyizia ili upepo usilipeperushe kabla msafara wa msalaba haujapita juu yake.

"Kama umande, mwanangu," mama alimkumbusha. "Ukimwaga, rangi zitalia."

Mwaka huu watu walijaa mapema, na hawakuja kusali. Maricruz, mwanafunzi wa sanaa, alikuwa amemchora kwenye zulia Yesu mwenye tatuu za genge la wahalifu usoni.

"Aibu! Bwana wetu umemfanya mhuni?" Bibi Casilda alifoka huku akitikisa bakora yake.

"Kachore chooni kwako!" mwingine akadakia.

Padri Anselmo, mlezi wa wanafunzi, alijaribu kuwatuliza. Wakamzomea na yeye.

Delfina alilikodolea macho shavu la Yesu lenye tatuu. Vijana waliochoma kibanda cha mama cha kuuzia tamale, vitafunio vya unga wa mahindi, walikuwa na tatuu kama hizo hizo. Watu walipomgeukia padri, Delfina aliimwaga ndoo nzima ya maji juu ya picha. Uso wa Yesu ukayeyuka, rangi nyekundu ikachuruzika mtaroni.

"Nani kafanya hivi?" Maricruz alipiga ukelele.

Macho yote yakamwangukia Bibi Casilda.

"Si mimi! Mdomo wangu mrefu, ndiyo, lakini mkono haujagusa kitu!"

"Mwongo mkubwa, ajuza wewe!" Mwanafunzi mmoja akampokonya bakora. Bibi akayumba.

Ngoma za msafara zilisikika kwa mbali. Delfina angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemwona.

"Mwacheni bibi! Ni mimi," alisema, sauti ikimkatika. "Walichoma kibanda chetu. Kwa nini Yesu afanane nao?"

Maricruz alimtazama kwa hasira, kisha machozi yakamtoka. "Ule ni uso wa kaka yangu. Alilitoroka genge, akaja kusali humu. Kila benchi aliloketi, watu walihama. Mwishowe genge likamuua."

"Bado silipendi zulia hili," Bibi Casilda alinung'unika, akichukua bakora yake. "Lakini leteni unga, msafara huo unakuja!"

Wakainama wote kuuchora uso upya. Maricruz alimpa Delfina konzi ya unga mweusi, naye akaiweka tatuu mahali pake. Kisha akanyunyiza maji, kama umande.

Wabeba msalaba wakapita, na zulia likasambaratika chini ya miguu yao. Mama, aliyekuwa ametoka altareni kwa makelele yale, akamvuta Delfina kifuani.

"Hasira yako naijua, mwanangu, hata mimi ninayo. Lakini zulia hili hukanyagwa na wanaosali, haliharibiwi na wanaochukia. Picha ikikuchoma moyo, muulize aliyeichora. Na ukikosa, sema upesi kama ulivyosema leo, mwingine asije akapigwa kwa kosa lako."