Jumamosi Kumi na Mbili

— Jumamosi kumi na mbili! — mtafiti alifoka kwenye simu. — Mimi nilikuwa nimelala na mguu wa plasta, wewe ukiondoka alfajiri, ukirudi jioni na matope hadi magotini. Leo nataka jina la huyo mwanamke!

— Mke wangu, nilikwambia nina kazi ya nje.

— Seremala gani anaranda mbao kwenye matope? Nikitoka ofisini naenda kwa mama. Usinifuate.

Akakata. Ujumbe ukaingia: "Usiende. Nitakueleza jioni." Hakuujibu.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu avunjike mguu akifuata nyayo za chui. Kampuni ilikuwa ya watu watatu tu, wakihesabu wanyama kwa kamera zilizofungwa kwenye miti ya msituni.

— Umemaliza kubomoa nyumba yako? — bosi aliuliza, mama asiyezungusha maneno. — Basi fungua kadi za kamera.

— Nani alikuwa anabadilisha betri?

— Fungua, binti.

Nungunungu. Paa. Nyani akichungulia. Kisha picha ambayo kila mbadilisha betri hulazimika kujipiga, ameshika kibao cha tarehe. Kibao kilikuwa kichwa chini. Nyuma yake, jasho likimtiririka, alikuwa mume wake.

Jumamosi iliyofuata, yeye. Zote kumi na mbili, yeye, na kibao kichwa chini vilevile.

— Kamera zingezimika, kazi yako ingekufa — bosi alisema. — Alikuja mwenyewe. Akaniapisha nisikwambie, maana ungekwenda msituni na magongo.

Angekwenda, kweli. Akapiga simu.

— Mume wangu.

— Bado sina jina la kukupa.

— Nimekuona kwenye picha. Wewe na nungunungu.

— Bosi wako ana mdomo.

— Nisamehe. Jana nilikuita malaya mbele ya dada yako, na wewe ulikuwa unanishikia kazi yangu.

— Wifi yako alicheka sana. Yeye alijua. Ila yule nyani alinikimbiza mara mbili, ujue.

Akacheka, machozi yakamshuka hadi kidevuni.

— Asante, baba. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Asante.

— Kwa hiyo kwa mama huendi?

— Naenda. Nilimwambia una mwanamke, na amekutangaza kwa ukoo mzima. Njoo unichukue. Nataka nisafishe jina lako kwa mdomo wangu mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni yangu, na wote wasikie.