Wawili Waliojibu Shimoni

Jua lilikuwa linazama dada alipokwenda kumwita mdogo wake waondoke kazini. Kumwita tu. Mama alikuwa anawasubiri nyumbani.

Dada huyu alikuwa mpishi wa salfa kiwandani, na salfa, tuache masihara, ina kiburi chake. Ipashe moto wa kiasi, lile donge la njano linayeyuka na kutiririka kama mafuta ya kula. Ukijidai kuongeza moto ili iwe nyepesi zaidi, umekwisha. Inageuka nyekundu, inakuwa nzito, haisogei hata uipigie magoti. Mchana ule dada alipitiwa na usingizi. Tanki likapata moto kupita kiasi, bomba la chini, ndani ya shimo, likaziba. Mdogo wake, aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake, akamwambia asijali, atashuka yeye kulizibua kabla msimamizi hajajua. Kosa la dada, shimo la Njiti.

Mfuniko wa shimo ulikuwa wazi. Harufu ya mayai viza ikampiga dada puani. Akajifunga kitambaa puani, akashuka ngazi.

"Njiti…"

Akashuka vipandio viwili zaidi.

Kule chini salfa iliyomwagika ilikuwa inaungua. Moto wake ni wa bluu, mwembamba, mchana huuoni kabisa. Dada akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kisha harufu ikakata.

Ghafla, kama mtu amezima taa. Kila mfanyakazi pale huambiwa siku ya kwanza: harufu ikikata, gesi haijaondoka. Pua yako ndiyo imekufa, na wewe unafuata. Usimngoje mtu. Panda.

"Dada… niko huku. Mguu umenasa."

Ilitoka chini, nyuma ya moto.

"Dada… mimi nimeshatoka. Panda."

Hiyo ilitoka juu, mdomoni mwa shimo.

Sauti ileile. Ya Njiti, na kile kikwaruzo chake cha mafua yasiyopona.

Akaing'ang'ania ngazi. Akanong'ona, akiuliza mama alikuwa anamwitaje Njiti alipokuwa mchanga, jina ambalo hata majirani hawakulijua.

Wakajibu wote wawili, jina lilelile la kweli. Kwa pamoja.

Kifua kilikuwa kinambana, macho yanaingia giza. Alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote, lakini alitaka kuishi. Huo ndio ukweli wenyewe. Akapanda.

Njiti alikuwa juu, mzima wa afya. Akamshika mkono, na dada akalia kwa furaha kama mtoto. Msimamizi alipokuja akasema gesi ile huchezea akili, watu husikia mengi. Akafunga mfuniko kwa kufuli. Mlinzi, aliyekaa pale tangu alasiri, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakumwona Njiti akitoka. Msimamizi akatia ufunguo mfukoni.

Nyumbani mama akamkumbatia Njiti. Alipomwachia, hereni za fedha za mama zilikuwa nyeusi tii, kama fedha iliyolala kwenye gesi ya shimoni.

Dada akasimama. Akatafuta nyundo ya kuvunjia kufuli, akaelekea mlangoni.

Njiti akamtangulia. Akaketi kizingitini, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Unakwenda wapi, dada?"

Akamwambia anarudi shimoni.

"Pumzika," Njiti akasema. "Ameshaacha kukuita."