Barua ya Saida Kwenye Simu ya Mjomba

Salma alikuwa ameinama chini ya mkorosho, akitenganisha korosho na mabibo, dada yake Tatu alipopita njiani na ndoo kichwani. Tatu alisimama, wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha Tatu akasema kwamba Riziki, binti yake, amepata barua ya chuo tangu wiki iliyopita. Sasa wanamtafutia begi la safari.

Salma alisema alhamdulillahi, lakini aliisema kwa mdomo tu. Moyoni aliuliza: na wangu je?

Binti yake anaitwa Saida. Saida na Riziki walisoma pamoja shule ya sekondari ya kata, hapa Ziwani. Walifaulu kidato cha nne pamoja. Waliomba chuo kimoja cha afya, siku moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Hata anwani ya barua pepe waliyoandika ilikuwa moja, ya mjomba wao Hemedi.

Usishangae. Katika ukoo wao mtoto ana baba yake, lakini mambo yake makubwa humpitia mjomba, yaani kaka wa mama. Posa humpitia mjomba. Jando humpitia mjomba. Imeili zilipoingia kijijini, nazo zikampitia mjomba. Hemedi aliwahi kuwa dereva kwenye mradi wa gesi kule Msimbati, na huko ndiko alikofunguliwa anwani. Tangu hapo kila mpwa anayeomba chuo au kazi huandika anwani ya Hemedi. Wapwa wako tisa. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama mzee mmoja na simu moja wanaweza kubeba habari za watoto tisa.

Jioni ile Salma alikwenda kwa kaka yake. Alimuuliza kama barua ya Saida imekuja.

"Haijaja," Hemedi alisema.

Hakuitoa simu mfukoni. Hakutazama hata kidogo. Alijibu tu, kisha akauliza habari za korosho.

Salma alirudi nyumbani na moyo mchafu. Alianza kuunga jambo na jambo. Hemedi ni mjane, anakula kwa Tatu kila siku, na anayemfulia nguo ni Tatu. Mwezi wa Ramadhani alisema mbele ya watu kwamba wasichana wawili wakiondoka pamoja, nani atabaki na mama zao. Leo barua ya mtoto wa Tatu imekuja, ya mtoto wa Salma haijaja. Chuo ni kimoja, na simu ni moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Saida. "Mjomba wako ameificha hiyo barua."

Saida alisema mjomba hawezi. Mama yake akamwambia yeye ni mtoto, hawajui watu. Kuanzia siku hiyo Salma aliacha kumpelekea kaka yake ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, aliyozoea kumpelekea kila akichimba. Hemedi aliliona hilo. Naye akaanza kushuku. Alidhani Tatu amemsema vibaya kwa Salma, akawa anamjibu Tatu kwa mkato. Katika siku nne ndugu watatu wa tumbo moja walikuwa wanatazamana kwa pembeni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana.

Swali la maana aliliuliza Mwalimu Magreth.

Magreth ni mwenyeji wa Mbeya. Anafundisha kompyuta pale shule ya kata, na alimfundisha Saida. Saida alimwendea Alhamisi asubuhi akiwa amekata tamaa. Alitaka kujua kama anaweza kuomba tena mwakani. Magreth alimwambia kwamba wanafunzi wenzake wote waliochaguliwa chuo kile wamepata barua siku moja, na wanatakiwa kuthibitisha kabla ya kesho saa kumi jioni. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine.

"Mjomba ametafuta, Mwalimu. Anasema haijaja."

"Ametafuta, au amefungua simu akaona hakuna kipya?"

 Waliondoka pamoja kwenda kwa Hemedi. Njiani walimpitia Salma, naye akavaa kanga haraka akafuata. Hakufuata kwa kusaidia. Alitaka kuwa shahidi kaka yake atakapoumbuka.

Walimkuta Hemedi mlangoni. Aliposikia habari ya simu, uso ulimbadilika. Aliishika ile simu kwa mikono miwili. Alisema amesikia mengi kuhusu watu wa kuja wanaoomba simu za wazee kwa maneno matamu, na kesho yake mzee hana kitu. Alisema hayo huku anamtazama Magreth, na Saida akaona aibu.

Magreth hakuudhika. Alivuta kigoda akakaa mbali kidogo.

"Una haki ya kuogopa, Mzee Hemedi. Simu ibaki mkononi mwako. Neno lako la siri usinitajie mimi, wala mtu mwingine yeyote. Mimi nitasema, wewe utagusa."

Hapo Hemedi alilegea. Alivaa miwani, akafungua barua pepe. Alimwonyesha barua ya chuo. Ilikuwa mstari mmoja tu: jina la chuo, na kichwa cha habari, majibu ya maombi. Alisema aliifungua, akaisoma, akaona jina la Riziki, akamwita Tatu. Barua ni hiyo hiyo moja, na kama kuna mtu anadhani ameficha nyingine, aseme mbele yake.

Salma alitazama chini.

Magreth alimwuliza ile tarakimu ndogo ya mbili pembeni ya jina la chuo ni ya nini. Hemedi alisema ni kurasa. Barua ina kurasa mbili.

"Si kurasa, Mzee. Ni barua mbili."

Kisha alieleza polepole. Simu nyingi zimepangwa kukusanya barua zinazofanana. Zikitoka kwa mtumaji mmoja na kichwa kikiwa kimoja, simu inaweza kuziweka pamoja kwenye mstari mmoja, kama watu wanaozungumza. Mpangilio huo unaitwa mazungumzo. Unamfaa mtu anayejibizana na mwenzake. Haumfai mzee anayepokea barua za watoto tisa. Barua ya Riziki na ya Saida zilifika wakati mmoja. Simu ikazirundika. Mzee alisoma ya juu, akafunga bila kushuka chini, na simu ikahesabu kwamba zote mbili zimesomwa.

"Mipangilio hiyo inabadilishwa," alisema. "Gusa vile vistari vitatu juu. Shuka mpaka uone mipangilio. Sasa gusa anwani yako."

Hemedi aligusa. Magreth alimwambia atafute maneno mwonekano wa mazungumzo, aondoe tiki. Alimwambia pia kwamba simu nyingine huandika tofauti kidogo, lakini jambo ni lile lile. Hemedi aliondoa tiki, akarudi kwenye kikasha, mahali barua zinapopokelewa.

Sasa jina la chuo lilionekana mara mbili, mstari juu ya mstari. Hemedi aligusa wa pili. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akamkabidhi Saida ile simu, yeye aliyekuwa amekataa kuiachia.

Saida alisoma jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Amechaguliwa. Athibitishe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Magreth alimsimamia akajaza hapo hapo fomu iliyokuja na barua, akaiambatisha kwenye jibu, akatuma. Saida alikaa chini akalia. Alikuwa amebakiza siku moja tu.

Salma alimgeukia kaka yake. Kusema kweli ilikuwa kazi ngumu kwake, maana ni mwanamke mwenye maneno mengi, na siku hiyo yote yalimkimbia.

"Kaka, nilikudhania vibaya. Nilisema umeificha."

"Nilijua unanidhania kitu, nikamshuku Tatu bure," Hemedi alisema. "Ningefungua simu mbele yako siku ile, yasingefika huku. Nilijibu kwa mazoea."

Ingeweza kuishia hapo, na kila mtu angerudi kwake akifurahi. Lakini Magreth ni mwalimu, na mwalimu hapendi kazi nusu. Aliuliza wapwa wengine waliotumia anwani ile ni akina nani, na kama wote walipata majibu. Hemedi alitaja majina. Wengine walipata, wengine hawakuchaguliwa.

"Hawakuchaguliwa, au barua hazikuonekana?"

Hemedi aliichukua simu kutoka kwa Saida, akaifungua tena.

Magreth alimwonyesha jambo la pili. Simu ile ilikuwa imegawa kikasha katika vyumba. Barua za watu ziliingia chumba cha kwanza. Kile simu ilichodhani ni tangazo, ilikipeleka chumba cha matangazo, na Hemedi hakujua kama chumba hicho kipo. Taasisi ikituma barua kwa watu wengi kwa mkupuo, simu inaweza kuidhania tangazo. Hemedi alifungua chumba kile. Barua zilikuwa mamia, karibu zote za maduka na michezo ya bahati nasibu. Magreth alimwambia aguse sehemu ya kutafutia, aandike neno chuo.

Ilitokea barua ya miaka miwili nyuma, kutoka chuo kimoja cha ufundi. Haikuwahi kufunguliwa. Jina juu yake lilikuwa la Rajabu.

Rajabu ni mtoto wa marehemu dada yao mkubwa. Ana miaka ishirini na mbili, na anabeba magunia kwenye ghala la korosho. Aliomba ufundi wa umeme. Alipouliza majibu, mjomba alimwambia haijaja. Alisema, sawa mjomba. Hakuuliza tena, kwa kuwa alimwamini.

 Salma alishuku, na nafasi ya mwanawe ikaokoka. Rajabu aliyeamini aliipoteza yake. Sisemi tushuku ndugu zetu, maana dhana mbaya ni dhambi, na ile ya Salma ilikuwa mbaya. Nasema tukague. Kukagua simu hakumvunjii mtu heshima.

Magreth alimalizia kazi kwa sauti ya chini. Hemedi aliondoa tiki kwenye vyumba vyote, barua zote zikaja mahali pamoja. Alichagua ambazo hazijasomwa zitangulie juu. Magreth alijaribu kumpangia mistari ibanane ili aone barua nyingi kwa mara moja, lakini macho ya mzee yalikataa, wakairudisha ile ya nafasi. Mipangilio ni ya mwenye simu, Magreth alisema, wala si ya mwalimu. Maduka waliyapitia moja moja, wakajiondoa kwenye orodha zao za barua. Mwisho Magreth alishauri kila mpwa afungue anwani yake, amtumie mjomba nakala. Siku ya jana Hemedi angekataa. Leo alisema ni sawa.

Kisha Hemedi alivaa kofia yake, akasema anakwenda ghalani. Salma alitaka kumsindikiza, akakataa. Alisema hilo ni lake.

Alimkuta Rajabu amekaa juu ya magunia, anapumzika. Hemedi hakutafuta maneno ya kuzunguka. Alimwambia barua yako ilikuja mwaka ule, ilikuwa kwenye simu yangu, sikujua pa kuitazama, na kosa ni langu. Akampa simu.

Rajabu alifuta mikono kwenye shati. Alisoma barua mara moja, akaisoma tena. Hemedi alingoja ukali, na alikuwa tayari kuupokea.

"Kumbe nilichaguliwa," Rajabu alisema. "Miaka miwili, mjomba, nimejua mimi ni mjinga."

Hemedi alikaa chini, kwenye sakafu ya ghala, mbele ya wabeba mizigo wengine, akalia. Rajabu alishuka akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka msimamizi alipoita.

Wiki ile ile Saida alimsaidia Rajabu kufungua anwani yake, na kabla hawajafanya lolote walikagua mipangilio. Hakuna mazungumzo, hakuna vyumba, ambazo hazijasomwa juu. Saida aliondoka na Riziki kwenda chuo mwezi huo huo. Rajabu aliomba tena dirisha la maombi lilipofunguliwa, na jibu lilipofika alilifungua mwenyewe dakika ile ile, amesimama kwenye mlango wa ghala. Sasa anasoma ufundi wa umeme mwaka wa kwanza. Ni mkubwa kuliko wenzake wengi darasani, na anakaa mstari wa mbele.