Mkaja wa Turubai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bondia alichemsha maji ya kuoga ya mama yake, akafua nepi za mgeni, kisha akamfunga mama mkaja. Jina la Bondia alipewa na baba yake, dereva wa malori, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna kifuniko cha chupa kilichomshinda. Sasa alikuwa msichana wa darasa la sita, na mikono yake ilikuwa imezidi kukomaa. Mgeni alikuwa mdogo wake wa kiume, hata mwezi hajatimiza, lakini kelele zake zilishinda za nyumba nzima.

Mkaja ni kitambaa kipana ambacho mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Mkunga wa zahanati alikuwa amempa mama mkaja mmoja laini, akamwonyesha jinsi ya kuufunga kuanzia chini kwenye nyonga kwenda juu, bila kubana. Mama aliufurahia. Alisema ulimshika mgongo vizuri anapoinuka kitandani.

Siku moja akaja mteja. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Mteja alichukua gauni lake, akamtazama fundi toka juu hadi chini, akaangua kicheko.

"Fundi, hongera! Lakini una hakika ni mmoja tu? Mbona naona kama mwenzake bado yumo ndani?"

Mama alicheka naye. Mteja alipotoka tu, mama aliketi nyuma ya cherehani yake akalia kimyakimya. Bondia alimwona, na roho ilimuuma sana.

Kesho yake mama aliweka kando mkaja wa mkunga. Alichukua turubai gumu, akalikata, akalishona, akatoboa matundu na kupitisha kamba kwa nyuma.

"Gauni likipwaya kiunoni tunalifanyaje?" alimwuliza Bondia.

"Tunalipunguza."

"Basi na mimi najipunguza."

Jamani! Mama wa watu alikuwa fundi hodari, sasa akadhani mwili nao unatii mkasi na uzi kama kitambaa.

"Haya, vuta!" alisema. Bondia akavuta. "Kaza, mwanangu! Kwani hujala?" Bondia akaegemeza mguu kwenye kitanda, akavuta mpaka wote wawili wakacheka. Mama alijipima kiuno kwa tepu yake, akatabasamu. Baada ya siku chache akatoboa matundu mengine, ya ndani zaidi.

Kicheko hakikudumu. Mama alianza kubakiza chakula, matonge mawili tu, basi, ameshiba. Kupanda ngazi ya mlangoni kulimwacha anahema. Alipoketi kumnyonyesha mgeni alijipindapinda, hapati mkao, na mgeni naye akalia.

"Mama, hakikubani kweli kitu hiki?"

"Kubana ndiyo kazi yake," mama alijibu. "Na mkunga akija, usimwambie. Hii ni siri yetu mimi na wewe."

Mchana mmoja Bondia alirudi kutoka shule akamkuta mama amesimama kwenye meza ya kukatia nguo, mgeni mkononi, jasho linamtiririka.

"Mpokee mgeni," mama alisema kwa sauti ndogo.

Bondia alimdaka mtoto kwa wakati. Mama aliteleza ukutani mpaka chini, amefumba macho. Bondia alimlaza mgeni juu ya rundo la vitambaa, akazishika kamba. Zilikuwa zimejikaza kama chuma, hazifunguki. Akachukua mkasi wa mama akazikata moja moja. Mama alivuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Chini ya mbavu zake kulikuwa na michirizi myekundu.

"Nimechoka tu," mama alisema. "Nitatia kamba nyingine. Usimwambie mtu."

Siku iliyofuata mkunga alifika kumpima mgeni.

"Na wewe mzazi, unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa, dada," mama alijibu.

Bondia alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nepi. Akisema, atamwaibisha mama yake. Akinyamaza, je, mama akianguka tena wakati yeye yuko shuleni, nani atamdaka mgeni? Nani atakata kamba?

"Shikamoo, mkunga. Mama haendelei vizuri. Jana alianguka. Na ninayemkaza kamba za mkaja wa turubai ni mimi."

"Wewe mtoto!" mama alifoka.

"Nisamehe, mama," Bondia alisema huku machozi yanamtoka. "Nakupenda, lakini sivuti tena."

Mkunga aliinua blauzi ya mama taratibu, akaiona michirizi. Akampima presha, akamwuliza kuhusu damu na maumivu, kisha akashusha pumzi.

"Fundi, mkaja haupunguzi tumbo. Unalishikilia tu wakati misuli inarudisha nguvu. Tumbo limetanuka kwa miezi, litarudi polepole lenyewe. Ukilibana hivi, hupati pumzi, chakula hakipiti, na uzito wote unasukumwa chini, mahali ambapo bado hapajapona. Vidole viwili lazima vipite kati ya mkaja na tumbo. Ukilala, uvue. Ukisikia kizunguzungu au maumivu, au damu ikizidi, vua na uje zahanati hapo hapo."

"Nilikuwa naona aibu, dada," mama alisema. "Watu wananicheka."

"Aibu ya nini? Humo ndimo alimolala huyu bwana mkubwa anayetupigia kelele." Hapo hata mama akacheka. Mkunga akamgeukia Bondia. "Siri inayomwumiza mtu haitunzwi, binti. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, kama ulivyofanya leo. Njoo sasa tumfunge vizuri."

Bondia alifunga mkaja laini, safari hii kwa mikono myepesi, akapitisha vidole viwili kuhakikisha. Mama alikula sahani nzima ya chakula, na mgeni akanyonya mpaka akasinzia.

Mkunga alipoondoka, mama alimwita Bondia akamketisha kando yake.

"Bado umenikasirikia, mama?"

"Nilikasirika. Sasa najiona mimi ndiye niliyekuonea, nilikutwika mzigo usio wako." Alimvuta kifuani, akakishika kichwa chake kwa mikono yote miwili. "Ukiniona naumia, sema. Hata nikikukataza, mwanangu, wewe sema."