Inahitajika: Tatu au Zaidi

Kompyuta ilikubali upesi mno, na papo hapo Illuminée akasikia harufu ya maji ya moto, ilhali chemchemi yenye maji hayo iko mbali, nyuma ya kilima. Akafunga dirisha. Harufu ikabaki ndani.

Tangu mumewe avuke mpaka kwenda Goma na kunyamaza, alikaa peke yake na binti yao Gwiza, wa miaka miwili, katika chumba kimoja kijijini Nyamyumba. Siku hiyo alikuwa akiunda kompaila, programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa lugha ya mashine. Ilidai maktaba moja, yaani fungu la programu saidizi, toleo la nane. Yeye alikuwa na la sita.

Asubuhi Valentin, mwenzake wa kazi, alimcheka kwenye simu. "Dada, iko faili inaonyesha toleo. Andika nane, basi. Mashine haina macho."

Akaandika nane. Sasa akampigia tena.

"Valentin, imekubali. Lakini humu kunanuka."

"Bon, we umechoma ugali!"

"Usicheke. Kuna mtu anapumua."

Simu ikakatika. Kwenye skrini maandishi mapya yalikuwa yamesimama:

Inahitajika: Gwiza, 3 au zaidi. Imepatikana: 2.

Mtoto alikuwa amelala mkekani. Illuminée alibonyeza kitufe cha kuzima, akabonyeza tena, lakini maandishi hayakuondoka. Kisha vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika. Ile mbili ikafutwa. Ikaandikwa tatu.

Mkekani Gwiza akaketi. Gauni lake la jana lilikuwa limepanda juu ya magoti.

Inahitajika: Gwiza, 9 au zaidi.

"Niachie mtoto," Illuminée alinong'ona. "Ninaye huyu tu."

Vitufe vikabonyea.

Akamnyakua Gwiza, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kukimbia kwenye ukungu akiwaita majirani ambao hakuwahi kuwajua hata majina, na kila hatua mzigo ulizidi, na fundo la kitenge likamkata kifua, na mikono mirefu ikamzunguka shingoni, na sauti ya msichana mkubwa ikamwambia sikioni, "Mama, nishushe, mi nimechoka kubebwa," na kabla hajafika barabarani miguu ya mwanawe ilikuwa inaburuzika kwenye changarawe nyeusi nyuma yake.