Matunda Peke Yake

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu na dirisha linalotazama barabara. Dada mkubwa alisuka nywele. Mdogo wake, fundi cherehani, alishona nguo kwenye kona ya chumba hichohicho. Wateja walimwita huyu mdogo Chiriku, kwa sababu alipoanza kuzungumza, hata redio ilipunguzwa sauti.

Miezi mitatu nyuma, Chiriku aliacha chakula cha kupikwa. Alikuwa amemsikia mtu kwenye video ya simu akisema kwamba binadamu aliumbwa ale matunda tu, na kwamba sufuria ndiyo iliyoleta magonjwa. Chiriku alikuwa amechoshwa na unene, na tumbo lilimjaa gesi kila jioni. Basi akaanza. Asubuhi papai, mchana ndizi na chungwa, jioni tikiti. Wali aliusukuma kando. Maharagwe aliyakimbia. Yai hakutaka hata kuliona.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Tumbo lilitulia na kiuno kikaonekana. Dada mkubwa, ambaye mwanzoni alinuna, akageuka kuwa mpiga debe. Kila mteja aliyekaa kitini aliambiwa amtazame Chiriku na aone matunda yanavyoweza kumbadilisha mtu. Wanawake waligeuza shingo, wakatazama, wakatamani.

Mwezi wa tatu Chiriku alipunguza maneno. Alivaa sweta wakati wenzake wanajipepea. Akinyanyuka, alishika meza kwanza. Dada aliyaona yote hayo, akasema moyoni ni kazi nyingi. Alikuwa amemsifu sana mdogo wake. Kumwuliza kungekuwa kujisuta mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi alimkalisha Chiriku kitini ili amsuke. Mteja mmoja tu alikuwa akisubiri, nesi wa kituo cha afya, ambaye ni jirani yao. Dada alifumua msuko wa zamani, akapitisha kitana nyuma ya sikio. Hakuvuta. Nywele zilikuja zenyewe. Lilikuja shungi zima, na mahali pake pakabaki ngozi tupu, laini kama kiganja.

Dada alisimama na nywele mkononi. Alishindwa kuzitupa. Miaka kumi na minne alikuwa amesuka vichwa vya watu, na hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Chiriku alimwona kwenye kioo. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Zinatoka tangu wiki tatu zilizopita, dada. Nilikuwa nazificha kwenye mfuko wa vipande vya nguo."

Nesi aliweka gazeti chini akaja. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Je, kichwa kinazunguka? Kinazunguka. Analala vizuri? Halali. Siku zake za mwezi je? Chiriku aliinamisha uso. Hajaziona kwa miezi miwili.

Nesi alipiga goti, akabonyeza mguu wa Chiriku juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Dada alilitazama shimo lile likikataa kujaa. Kumbe mguu alioudhani umenawiri ulikuwa umevimba maji.

"Lakini matunda ni afya," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Ni afya, na kila mtu ayale kila siku," nesi alijibu. "Lakini ngoja nimwulize fundi. Chiriku, unaweza kushona gauni kwa uzi peke yake, bila kitambaa?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Uzi ni lazima. Ila uzi si gauni. Matunda yana vitamini, yana maji, yanasaidia choo. Lakini kinachojenga nyama, nywele na damu ni kidogo sana ndani yake. Hicho kiko kwenye maharagwe, samaki, mayai, maziwa, nyama, karanga. Tena kuna vitamini moja ya damu na neva ambayo tunda halina kabisa. Mwili ukikosa vitu hivyo, unaanza kujila wenyewe. Unaanza na kile usichokihitaji ili uishi leo. Nywele ni mojawapo."

Maneno hayo, mwili kujila wenyewe, yalimwingia dada kama maji baridi mgongoni.

Nesi aliwaambia wafunge saluni waende kupimwa mara moja. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayekula hivyo. Dada alitaka kusema hapana. Lakini akakumbuka nyuso zilizogeuka kumtazama Chiriku. Mwalimu mmoja alijaribu siku mbili akaacha. Halafu alikuwapo mke wa fundi baiskeli. Huyo aliyashika matunda kabisa, na alikuwa na mimba ya miezi sita.

Hapohapo nesi alichukua mkoba wake.

Nesi alimpeleka Chiriku kituoni. Dada alikimbia mtaa wa pili na aproni yake ya saluni kiunoni. Alimkuta mke wa fundi baiskeli amekaa mlangoni na sahani ya tikiti mapajani. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na tumbo limetangulia mbele. Dada alimweleza kila kitu, hata zile nywele.

Mwanamke yule alimsikiliza hadi mwisho. "Wewe ndiye uliyeniambia nile hivi," alisema. "Sasa nikuamini lini?"

"Usiniamini mimi," dada alijibu. "Mimi nasuka nywele tu, nikazungumzia nisichokijua. Twende ukapimwe, uwaamini wanaopima."

Walikwenda wakiwa wameshikana mikono.

Wote wawili walikutwa na upungufu wa damu. Chiriku alilazwa siku nne. Daktari alimrudishia chakula kidogokidogo, kwanza uji wa maziwa, kisha yai, kisha wali na maharagwe. Alimweleza kwamba aliyekaa muda mrefu bila chakula kamili hapaswi kujishindilia siku moja, na kwamba anayetaka kupungua apunguze mafuta na sukari, atembee, asiache chakula. Tumbo lake nalo lilipimwa likatibiwa.

Mke wa fundi baiskeli alipewa vidonge vya kuongeza damu, akawa anahudhuria kliniki kila wiki mbili. Alijifungua mtoto wa kike wa kilo mbili na nusu. Ni mdogo, alisema mkunga, lakini ananyonya kama ana deni.

Nywele za Chiriku zilianza kuota tena mwezi wa nne baada ya matibabu. Nyumbani sasa papai linakatwa baada ya samaki na mboga, na kila mtu anapata kipande.

Na saluni bado ina wateja wengi. Wakianza kumsifu mwenzao kwa kukonda, dada mkubwa hushusha kitana. Humgeuza aliyesifiwa pamoja na kiti chake, akamtazama usoni, akamwuliza taratibu, "Umekula nini leo?"